SHAURI LA MKULIMA: Maziwa Hayangoji Daraja

Mwaka 1961 nchi ya Kenya ilipatwa na misiba miwili mfululizo. Kwanza ulikuja ukame. Kisha, mwishoni mwa mwaka, mvua ikanyesha kwa nguvu hata barabara nyingi zikakatika. Serikali ya wakati ule ilituma ndege kudondosha magunia ya mahindi kwa watu waliotengwa na maji. Lakini yafaa kukumbuka kwamba mahindi makavu huweza kungoja ghalani, yakapakiwa, yakatupwa kutoka angani, na bado yakapikwa. Maziwa, mboga na matunda hayawezi. Njia ikifungwa, huharibika papo hapo yalipo.

Taabu hiyo ilirudi wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, na tena katika mafuriko ya mwaka 2024 yaliyoua watu zaidi ya 200. Tarehe 29 Aprili mwaka huo maji yalishuka kwa ghafula huko Mai Mahiu, yakachukua nyumba na watu, na matope na miti ikaziba barabara. Katika siku kama hizo mkulima wa nyanda za juu hawezi kumwambia ng'ombe wake angoje. Asipokamuliwa, kiwele huvimba na kuugua. Akikamuliwa na maziwa yakamwagwa siku tatu, karo ya mtoto ndiyo iliyomwagwa.

Kwa sababu hiyo mkulima mwenye busara hufanya shauri kabla mawingu hayajakusanyika.

Jambo la kwanza ni kujua kila kitu chaweza kungoja muda gani. Maziwa yaliyopozwa hadi digrii 4 za Selsiasi hukaa siku mbili hivi. Yakiachwa na joto la kiwele huanza kuharibika baada ya saa chache. Viazi vikavu, vikiwekwa mahali penye giza na hewa, hungoja majuma mengi. Vikipata mwanga hugeuka kijani na kuwa na sumu. Kabichi haifai kukatwa kabla ya kupata habari ya hakika kwamba lori litafika, kwa maana ikiisha kukatwa huanza kunyauka.

Jambo la pili ni kuwa na matumizi mengine. Maziwa yasiyopata gari yaweza kugandishwa, au kutolewa siagi ikapikwa kuwa samli, nayo samli hukaa miezi. Wakulima wengine hujenga kibanda chenye kuta za wavu zilizojazwa makaa, na kuyamwagia maji. Maji yakikauka huondoa joto ndani. Kibanda hicho ni msaada mkubwa wakati wa ukame, lakini wakati wa mvua nyingi hewa yenyewe imejaa unyevu, na nguvu yake hupungua sana. Wakati huo ni afadhali kutegemea mtambo wa ushirika wa kupozea maziwa, na jenereta yenye mafuta ya akiba, kwani mara nyingi nguzo za umeme huanguka pamoja na madaraja.

Jambo la tatu ni umoja. Mtu mmoja hawezi kununua mtambo wala kukodi lori la kuzunguka njia ndefu; chama cha ushirika chaweza. Na hapa kazi ya karani ni kubwa kama ya mkulima. Karani mwema huandika katika daftari, wakati wa kiangazi, njia ya pili ya kufikia soko, mnunuzi wa pili aliye ng'ambo hii ya mto, na shule au hospitali ya karibu iwezayo kuyapokea maziwa barabara ikikatika. Tena chama hutenga fedha kidogo kila mwezi kwa ajili ya siku hiyo.

Mto huweza kubomoa daraja kwa saa moja, na kulijenga tena huchukua miezi. Waliokwisha kupatana kabla ya mvua watauza walau sehemu ya mali yao. Wasiopatana watasimama ukingoni na madebe yaliyojaa, wakitazama maji yakipita.