Kumbukumbu Isiyoonekana: Ushahidi Kabla ya Hukumu

Miongoni mwa hitilafu zinazowasumbua watu wanaojiundia kompyuta nyumbani, ni chache zinazowapotezea fedha bure kama ile ya mashine kutoiona kumbukumbu yake yote. Mwenye mashine amenunua vibao viwili vya kumbukumbu, kila kimoja cha gigabaiti 8. Amevipachika katika ubao mama, amewasha umeme, na skrini yamwonyesha gigabaiti 8 tu badala ya 16. Aghalabu hukumu hutolewa papo hapo: kibao kimoja kimekufa, kanunue kingine. Hukumu hiyo mara nyingine huwa sahihi. Lakini ikitolewa bila ushahidi huwa ni ramli, na ramli haina nafasi katika kazi ya ufundi.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kompyuta haioni kumbukumbu kama mtu aonavyo magunia ghalani. Huambiwa. Katika kompyuta binafsi ya IBM iliyotolewa mwaka 1981, mwenye mashine alilazimika kupanga swichi ndogondogo zilizo juu ya ubao ili kuitangazia mashine kiasi cha kumbukumbu kilichomo. Akikosea swichi moja, kumbukumbu isiyo na dosari yoyote iliweza kukaa bure bila kutumiwa. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na chipu ndogo iliyomo katika kila kibao, ambayo huhifadhi maelezo ya ukubwa na kasi yake. Mashine inapowashwa, programu ya kuanzishia iliyomo katika ubao mama, yaani bayosi, huyasoma maelezo hayo, huiandaa sehemu ya prosesa inayosimamia kumbukumbu, kisha huukabidhi mfumo endeshi ramani ya kumbukumbu iliyo tayari kutumika. Taarifa hupita basi katika mikono kadhaa kabla ya kumfikia mtu aliye mbele ya skrini. Ikiwa imepungua, swali la haki ni hili: imepungulia wapi?

Hapana budi kuanza kwa kulinganisha mashahidi wawili, bayosi na mfumo endeshi. Iwapo bayosi yaonyesha gigabaiti 16 na mfumo endeshi watumia pungufu, ni vigumu kukilaumu kibao. Huenda mfumo endeshi ni wa biti 32. Biti 32 zinaweza kutaja anwani 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4, na sehemu ya anwani hizo huchukuliwa na vifaa vingine vya mashine. Ndiyo maana kompyuta nyingi za namna hiyo zilionyesha gigabaiti 3 na ushei. Huenda pia sehemu ya kumbukumbu imetengwa kwa ajili ya michoro ya skrini, hasa katika mashine isiyokuwa na kadi ya michoro ya peke yake. Au huenda mtu aliweka kikomo cha kumbukumbu katika mipango ya kuwashia Windows, akasahau kukiondoa. Katika hali zote hizo tatu, kununua kibao kipya hakutibu kitu.

Iwapo bayosi yenyewe yaona gigabaiti 8, uchunguzi hauna budi kuhamia kwenye vifaa. Hapo napo washukiwa ni wengi. Kibao hakikuingia sawasawa, na kishikizo chake hakikujifunga. Vibao viwili vimewekwa katika nafasi zisizopendekezwa na mtengenezaji. Katika mbao mama nyingi zenye nafasi nne, vibao viwili hukaa katika nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Bayosi ni ya zamani na haijui vibao vya aina hiyo. Tena yupo mshukiwa ambaye wengi hawamfikirii kabisa, naye ni prosesa. Tangu AMD ilipoihamishia kazi ya kusimamia kumbukumbu ndani ya prosesa za Athlon 64 mwaka 2003, na Intel ikafanya vivyo hivyo katika prosesa zake za kompyuta za mezani mwaka 2008, pini moja iliyopinda katika kikalio cha prosesa, au kipozea joto kilichokazwa upande mmoja kuliko mwingine, chaweza kuifuta njia nzima ya kumbukumbu.

Namna ya kuwatenganisha washukiwa hao haihitaji maabara. Vibao viwili na nafasi mbili huzaa majaribio manne: kila kibao peke yake katika kila nafasi. Kabla ya kila jaribio umeme ukatwe kabisa, na fundi aguse chuma kitupu cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiziunguze chipu. Matokeo yaandikwe. Kibao kimoja kikikataa katika nafasi zote mbili, na mwenzake kikikubali katika zote, ubovu u katika kibao. Vibao vyote viwili vikikataa katika nafasi ile ile, kosa liko katika nafasi hiyo, njia yake au prosesa. Kila kimoja kikikubali popote kikiwa peke yake, lakini viwili vikagoma kukaa pamoja, yafaa kurudisha mipango ya bayosi katika hali yake ya awali na kupunguza kasi iliyopandishwa. Sharti kubwa ni moja: kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja, hata akifaulu, hajui kilichomponyesha.

Subira nayo ni sehemu ya njia hii. Mashine mpya zinazotumia kumbukumbu ya DDR5, ambayo kanuni zake zilitangazwa mwaka 2020, zinapowashwa mara ya kwanza huweza kukaa dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi, prosesa na vibao vikipimana. Mwenye haraka huuzima umeme katikati ya kazi hiyo, kisha husema kumbukumbu ni mbovu.

Zipo sauti zinazosema kwamba haya yote ni anasa ya watu wenye muda. Fundi wa mjini, husemwa, ana wateja kumi mlangoni; kumuuzia mteja kibao kingine ni njia ya mkato yenye nafuu kwa wote. Hoja hiyo ina uzito, lakini huhesabu gharama ya upande mmoja. Majaribio manne humalizika kwa muda mfupi kuliko safari ya kwenda dukani na kurudi. Ikiwa ubovu ulikuwa katika nafasi, kibao kipya kitakataa kama cha kwanza, na mteja atakuwa amelipa mara mbili kwa hasara ile ile. Kwa mwanafunzi aliyejinyima ili aunde mashine ya kusomea, hasara hiyo yaweza kuwa mwisho wa safari. Nacho kibao kizima hutupwa jaani pamoja na madini yake, kwa kosa ambalo hakikulifanya.

Historia yatoa funzo. Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipande vipande mwaka 1975 na kampuni ya MITS ya Albuquerque, Marekani, ili mnunuzi aiunganishe mwenyewe, ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 256 tu. Kadi za kuiongezea kilobaiti 4 ziliwasumbua wanunuzi wengi. Zilikuwa za aina ambayo chaji zake huvuja na hulazimika kujazwa upya kila mara. Wapenzi wa kompyuta waliokusanyika katika Homebrew Computer Club, chama kilichoanza katika gereji moja ya Menlo Park, California, mwezi Machi 1975, walibadilishana maarifa juu ya mashine hizo waziwazi. Mmoja wao, Bob Marsh, alianzisha pamoja na mwenzake kampuni iliyouza kadi za kilobaiti 4 za aina isiyohitaji kujazwa upya. Kutoka katika chama hicho hicho walitokea Steve Wozniak na Steve Jobs. Watu hao hawakuzaliwa wakijua. Walizoea kuuliza kwa nini, na kumweleza jirani jibu walilolipata.

Kwa hiyo mafunzo yoyote ya kompyuta yanayoishia katika kutaja majina ya sehemu zake hayajakamilika. Mwanafunzi apewe mashine yenye hitilafu, daftari, na saa moja. Apewe alama kwa mfuatano wa majaribio yake hata kabla ya jibu lake. Fundi naye amwonyeshe mteja matokeo ya majaribio manne kabla ya kumtaka fedha, na mteja asione haya kuyadai. Daktari hampasui mgonjwa kwa kumtazama usoni tu. Kifaa kilichotolewa jasho kukinunua kinastahili walau uchunguzi wa robo saa kabla ya kuhukumiwa kifo.