Usimlete Shosh Baharini Kabla Hujakagua Choo

Wasee, shosh anakuja. Ijumaa, treni ya mchana kutoka Nairobi, anashuka Miritini usiku na mama, tanti, na kasini zangu wawili ambao hawajui kuogelea lakini wameshanijulisha kwamba wataogelea. Shosh anatoka Nyandarua. Ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, ana kisukari, na hajawahi kuona bahari. Hata mara moja.

Basi kwa wiki mbili sasa nimekuwa nikizunguka Mombasa kama askari kanzu. Naingia ufuoni, nahesabu ngazi, naonja mchuzi, nauliza bei, naandika kwa foni. Marafiki zangu wanacheka. Mmoja ameniuliza kama naandaa ziara ya rais. Wacha acheke. Mimi msimamo wangu ni huu: ukialika watu wa nyumbani Mombasa na hujapita mwenyewe kila mahali utakapowapeleka, kwa miguu, saa ile ile mtakayoenda, hujawaalika. Umewatumia ramani tu.

Najua kwa sababu nimewahi kukosea. Mwaka jana mama alikuja peke yake, siku mbili. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeposti video ya ufuo fulani, sitautaja. Mchanga mweupe, maji ya kijani, mimi natembea bila viatu kama mtu hana deni. Hiyo video ilifanya vizuri kuliko zote zangu za mwaka huo. Mama akaiona, akaitupa kwa grupu ya kanisa, akaniambia hapo ndipo anataka kwenda.

Kitu video haikuonyesha ni kwamba mimi niliingilia kwa hoteli, juu rafiki yangu alikuwa zamu siku hiyo. Nilipompeleka mama, rafiki hayuko, na mlinzi akatuambia bila kelele kwamba kama hatujalala hapo hatupiti hapo. Sawa, tukatafuta njia ya wananchi. Geti, ukuta, geti, ukuta, jua la saa saba, mama na viatu vyake vya Jumapili. Tulipoipata, ilikuwa kichochoro cha mawe kimeteremka vibaya. Mama akashika ukuta, akaangalia chini, akasema, "Wacha tu. Angalau nimeisikia."

Alimaanisha mawimbi. Jioni akapanda treni akarudi nyumbani akiwa ameisikia bahari. Alikuwa ameweka pesa ya hiyo safari miezi kadhaa. Na ile video bado iko kwa ukurasa wangu, watu bado wanaandika "naenda hapa Desemba" na mimi nilikuwa naweka moyo kwa kila moja.

Kabla mtu aanze kunifunza sheria: najua. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inahesabu ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Mchanga ni wako, ni wangu, ni wa shosh. Lakini hakuna anayefika kwa mchanga kwa kupaa. Unafika kwa njia, na njia ndiyo inayoliwa polepole, ukuta ukisogea kidogo, jiwe likiachwa hapo, taka zikimwagwa pale, mpaka inabaki mahali kijana mwenye magoti mazima tu anaweza kupita. Halafu sisi wa kamera tunakuja, tunaonyesha maji, tunakata hiyo njia yote kwa sababu haipendezi. Tukifanya hivyo tunasaidia ukuta, hata kama hatulipwi.

Kitu cha pili nilichokuwa najua nusu nusu ni maji. Watu wa bara mnaonaga bahari kama bwawa, iko tu. Haiko tu. Inajaa mara mbili na kupwa mara mbili karibu kila siku, na saa zinasogea, kesho si kama leo. Mvuvi mmoja pale Bamburi alinieleza vizuri kuliko programu yoyote ya foni. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ni bamvua: hapa Mombasa maji yanatoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, yanarudi kujaa mnamo saa kumi jioni. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu. Sasa fikiria umemtoa mtu Nyandarua, umemfikisha saa nne ya bamvua. Anaona mwani, madimbwi, na mstari wa bluu huko kwa miamba. Umwambie nini? Ati atembee kilomita na hayo magoti, juu ya mawe yenye vile vidude vya miiba myeusi?

Mwezi mpevu unaangukia wikendi hii. Kwa hivyo shosh haendi asubuhi.

Tunaenda wapi? Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ile sisi wote tunaita Pirates. Naona mshaanza kukunja uso. Kuna watu wengi, kuna ngamia, kuna mipira ya kuelea ya kukodisha, kuna kelele, hakuna picha hata moja utapiga bila mtoto wa mtu ndani. Ni kweli. Lakini unashuka kwa mat barabarani na unaingia bila kumwomba mtu. Njia ni pana. Kuna kivuli, na kuna watu wanaoangalia waogeleaji, jambo ambalo kwa wale kasini zangu si mchezo. Ufuo mzuri kwa video na ufuo mzuri kwa familia ni vitu viwili tofauti, na nimechoka kujifanya sioni. Diani naipenda mpaka basi, lakini kutoka ninakoishi Kisauni, kwenda na kurudi siku moja na mzee? Hapana, siku ingine.

Sasa choo. Hakuna mtu anaongea juu ya choo. Nimetazama video nyingi sana za "sehemu kumi za kutembelea Pwani" na sijaona hata moja iliyosema choo kiko wapi. Mtu mwenye kisukari anaenda msalani mara nyingi, na mtu mwenye magoti mabaya hawezi kuchuchumaa. Kwa hivyo nimeingia kila choo. Nimeuliza kama kuna cha kukalia, kama maji yanatoka, kinafungwa saa ngapi, unalipa kiasi gani na kama wana chenji. Mahali pamoja pazuri sana, meza za mbao, muziki wa taratibu, chakula kitamu, choo kiko juu ghorofani na ngazi hazina pa kushika. Nimepafuta, na sijajuta.

Chakula ndiyo ilikuwa raha, lakini hata hapo kuna kazi. Kila mtu ataniambia mpe mahamri na mbaazi asubuhi. Mbaazi za nazi sawa, atakula. Ila mahamri yana sukari ndani ya unga, na kaimati ndiyo usiseme, imeogeshwa shira. Nimezunguka Mji wa Kale mpaka nikapata mama anayepika mkate wa mofa, ule wa unga usiokobolewa unaobandikwa kwa tanuri la udongo. Nikala na mchuzi siku mbili tofauti kuhakikisha si bahati. Si bahati. Ila ukifika saa tatu asubuhi umechelewa, kwa hivyo nimeweka oda.

Samaki ni siasa. Shosh hali kitu kinachomwangalia. Ukimletea changu mzima wa kupaka, na kichwa na macho yake, utakuwa umemfungisha bila ramadhani. Jibu ni nguru, anakatwa vipande vikubwa, mfupa wake ni mmoja wa katikati, hautegi mtu. Na wali wa nazi, kidogo, na mboga nyingi. Supu ya pweza tumekubaliana na mama hatutaitaja mbele yake kabisa.

Lakini kile ninachokingojea ni viazi karai. Huyu mama amelima waru tangu kabla mama yangu azaliwe. Magunia na magunia yameteremka kutoka huko juu, na hajawahi kuona yanaishia wapi. Nitampa moja tu, imevaa koti yake ya njano, na maji ya ukwaju pembeni, ninyamaze nione atasema nini. Nimejaribu wauzaji watano. Wawili mafuta yao yamekuwa meusi, mmoja ukwaju wake ni maji matupu. Na mmoja alisikia lafudhi yangu ya bara akapandisha bei hapo hapo, ndiyo maana nauliza kabla, tanti yangu akianza kubishana hatutaondoka.

Kuna rafiki ameniambia kitu ambacho bado nakifikiria. Alisema, "Unapanga sana, hutamwacha hata apotee kidogo. Labda raha yake ni kupotea." Anaweza kuwa na haki. Jumapili nimeiacha wazi, tutakaa Mama Ngina kwa viti vya saruji chini ya mibuyu, meli zipite zikiingia Kilindini, muhogo wa pilipili mkononi, na kama shosh atasema twende kule, tutaenda kule. Lakini kupotea ni tamu ukiwa na magoti. Jumamosi haipotei.

Ile video ya mwaka jana nimeiposti upya jana, safari hii na dakika kumi na nne za kutembea kando ya ukuta, bila kukata. Imefanya vibaya. Mtu ameandika naharibu mood. Mwingine ameandika, "Asante, nilikuwa namleta babangu hapa, ana magongo."

Jumamosi tunatoka saa saba na nusu. Wiki mbili zilizopita mwezi ulipoandama, maji yalifanya vile yatafanya wikendi hii, kwa hivyo nilienda Pirates nikapima. Kuna mama anauza madafu chini ya mti, ana viti viwili vya plastiki na amesema atatuwekea kimoja. Niliacha ndala yangu mahali kiti kitakaa, nikarudi nyuma kusubiri. Saa nane maji yalikuwa mbali. Saa kumi kasoro dakika chache yalifika, yakaigusa ndala, yakaondoka nayo. Ilibidi niikimbilie.