MLOLONGO HUANZA KWA KIMYA



Wako wanaotuambia kwamba waliodai vyama vingi mwaka 1990 walikuwa wenye kinyongo tu, watu waliokosa ulaji wakajigeuza mitume wa demokrasia. Kauli hiyo ni uongo, na maisha ya Charles Rubia, aliyefariki mwaka 2019, yanatosha kuikanusha.

Rubia hakuwa mgeni katika jumba la wakubwa. Mfanyabiashara huyu alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, tangu 1962 hadi 1967. Mwaka 1969 alichaguliwa mbunge wa Starehe, na baadaye akawa waziri katika serikali ya Rais Moi. Mtu wa namna hiyo angeweza kula kimya, akashiba, akastaafu kwa amani.

Mwaka 1986 serikali ilipeleka bungeni mswada wa kumwondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ulinzi wa kazi zao, ili Rais aweze kuwafuta apendapo. Rubia alisimama akaupinga. Angalieni tarehe, ndugu zangu: wakati huo kiti chake bado alikuwa nacho. Mwenye kinyongo hulia baada ya kupigwa; Rubia alipaza sauti kabla fimbo haijamfikia.

Fimbo ikaja. KANU ilileta upigaji kura wa mlolongo, na wachungaji wa NCCK wakaukataa mapema, kwani mchungaji atajipangaje nyuma ya mgombea mmoja huku kundi lake zima likimtazama? Aliyepata asilimia 70 katika mlolongo alipita bila kupingwa, na kura ya siri haikupigwa tena. Mwanzoni mwa 1988 Rubia akaangushwa kwa njia hiyo. Tarehe 3 Mei 1990, yeye na Kenneth Matiba walidai vyama vingi hadharani. Tarehe 4 Julai, siku tatu kabla ya mkutano wa Kamukunji, walikamatwa wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Rubia alitoka mwaka 1991 akiwa mgonjwa. Desemba ya mwaka huo kifungu cha 2A kikafutwa.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Kifungu hicho kiliingizwa katika Katiba Juni 1982, na Rubia alikuwa mbunge katika Bunge lililokipitisha. Sheria inayomnyima mwenzako haki haitakuuliza kesho kama ulikuwa rafiki yake ilipozaliwa.

Na sisi je? Katiba ya 2010, kifungu cha 38, inampa kila mwananchi haki ya kushiriki katika shughuli za chama chake. Kifungu cha 81 kinataka kura ya siri, na cha 91 kinavitaka vyama viendeshwe kidemokrasia. Lakini kila msimu wa mchujo tunasikia kwamba fulani amekabidhiwa tiketi moja kwa moja. Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu kuliko vingine vyote, tiketi ndiyo kiti. Hiyo ni asilimia 70 iliyovalishwa suti mpya.

Watatujibu kwamba sheria za chama zinaruhusu. Hata mlolongo uliruhusiwa na sheria za chama! Swali la raia si kama kanuni imeandikwa, bali kama inamwachia mpiga kura uamuzi wake.

Kwa hiyo msingoje siku ya kupiga kura. Jiandikisheni kuwa wanachama sasa. Dai kuonyeshwa daftari la wanachama, tarehe ya mchujo na majina ya wajumbe. Mkinyimwa, lalamikeni kwa maandishi na mhifadhi nakala, kisha mpeleke shauri mbele ya jopo la mizozo ya vyama. Nanyi mlio makanisani, msiwape mimbari wanaoogopa sanduku la kura.

Rubia alisema angali na kiti. Sisi tuseme tungali na kura.