Mkanda mweusi haupigani

Tangu tulipogusia michezo ya kupigana kwenye kipindi, ujumbe wenu mwingi unauliza kitu kimoja: mtindo gani mkali kuliko yote? Wa karate wanavutana na wa ngumi, wa jujitsu wanawacheka wote. Na wapo wenzetu wenye asili ya Unguja na Pemba wanaosema ati kirumbizi kingewatandika wote kama tungekithamini.

Mimi naona swali limekaa vibaya. Uliza kwanza mtindo huo unamkataza mtu kufanya nini, maana pale palipokatazwa ndipo utakapopigiwa.

Chukua jirani yetu hapa. Agosti 2021, Olimpiki ya Tokyo, fainali ya karate ya wanaume wa zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudia anaongoza 4-1. Anarusha teke la kichwa, Sajad Ganjzadeh wa Iran anaanguka, amezimia, anatolewa kwa machela. Dhahabu ikaenda kwa nani? Kwa aliyezimia. Hamedi aliambiwa amepiga kwa nguvu kupita kiasi, akabaki na fedha. Inauma, lakini kwa sheria zao waamuzi hawakukosea. Karate ile inataka ufike haraka kisha ujizuie. Hapo ndipo inapokuwa nzuri: kuingia, kutoka, kujua masafa. Na hapo hapo ndipo inapovuja, maana mtu aliyezoea kusimamishwa kila baada ya pigo moja hajui afanye nini la pili na la tatu yakimjia. Taekwondo nayo miguu yake ni balaa, ila kwenye mashindano ngumi ya uso hairuhusiwi, basi mikono inalala chini.

Ngumi zinakufundisha kitu ambacho wengi wanakikwepa: kupigwa kweli na bado ukaendelea kufikiri. Lakini bondia akishikwa anasubiri refa aje awaachanishe. Kwenye UFC ya kwanza kabisa, Denver, Novemba 1993, Art Jimmerson aliingia na glavu moja. Royce Gracie akamwangusha, akamkalia juu, na bondia wa watu akakubali kushindwa kabla hata hajakabwa. Gracie, kijana mwembamba tu, alishinda mapambano matatu usiku ule. Basi jujitsu ndiyo dawa? Mmoja kwa mmoja, kwenye godoro, karibu ndiyo. Lakini kwenye maegesho ya magari, umelala na mtu chini na rafiki yake amesimama nyuma yako? Hapana, bwana.

Kwa wazee wetu Zanzibar, ngumi zilipigwa marufuku baada ya Mapinduzi ya 1964, zikakaa nje karibu miaka 60. Judo ilipata nafasi yake kule kupitia mwalimu wa Kijapani, Tsuyoshi Shimaoka. Naipenda judo kwa sababu ardhi ndiyo inayopiga, na sakafu ya hapa Amerat si godoro. Udhaifu? Tangu 2010 sheria zimezidi kukaza mkono kwa wanaoshika miguu, kwa hiyo vijana wengi wa judo wa leo hawajui kujikinga na mtu anayewavamia magotini. Halafu judo inategemea nguo. Kanzu utaishika vizuri sana, fulana iliyolowa jasho itakuponyoka.

Sasa kirumbizi. Wengi mmekiona harusini: ngoma, duara, wawili na fimbo zao, mmoja anapiga, mwenzake anakinga. Kuna mafunzo pale ambayo saa nyingi za kupiga ngumi hewani hazikupi. Fimbo inakuja kweli, kofia ya kujikinga huna, jicho likichelewa vidole vinalipa. Lakini tusidanganyane. Mnakwenda na ngoma, mpinzani ni mmoja, na mnajuana. Hakuna anayekukwida, hakuna anayekuja kutoka pembeni. Kukiita silaha ya kuwashinda mabondia ni kukisifu kwa uongo, na kwangu mimi huko ni kukidharau.

Nayasema haya kwa sababu ya wadogo zetu, hasa wa kike. Wazazi hapa wanalipa ada mwezi baada ya mwezi, mtoto anapanda mikanda, na kila mtu nyumbani anaamini kwamba sasa anaweza kujilinda. Wakati mwingine hajawahi hata mara moja kushikwa mkono na mtu asiyetaka kumwachia. Huyo tumempa ujasiri wa kubaki mahali ambapo angekimbia.

Kwa hiyo ukienda kuangalia ukumbi, usiulize jina la mtindo. Kaa pembeni mpaka mazoezi yaishe. Tazama kama kuna dakika hata kumi ambazo mwenzake anakataa kweli: anavuta, anasukuma, anarudisha. Kama kila mtu anasimama kama mnazi akingoja mwenzake amalize mbinu, muulize mwalimu lini wanapambana. Akikujibu kwamba mbinu zake ni hatari mno kujaribiwa, mshukuru, chukua viatu vyako mlangoni, mwende zenu.