Mkienda Kula Pamoja, Ulizeni Mapema



Vijana wetu wa mjini wana desturi njema ya kuchangishana fedha kidogo siku ya Jumamosi na kwenda kula pamoja. Kati yao wamo Wakristo na Waislamu, maana wamesoma pamoja na wanafanya kazi pamoja. Mmoja akisema, "Leo twendeni kwa Wachina," yafaa mwingine aulize, "Je, huko ni halali?" Swali hilo ni la adabu, wala si la usumbufu.

Wengi wetu hudhani kwamba Mwislamu akiagiza kuku, mambo yamekwisha. Sivyo. Katika majiko mengi ya Kichina nguruwe ndiyo nyama ya kila siku. Mboga zaweza kukaangwa kwa mafuta yake, tena katika karai lile lile. Nyama nyingine hulainishwa kwa mvinyo wa mchele, ambao huuoni sahanini. Na kuku mwenyewe, kama hakuchinjwa kwa sheria ya Kiislamu, bado hafai. Basi ukimwambia rafiki yako, "Wewe chagua tu kisicho na nguruwe," umemtwisha mzigo: ama ale kwa mashaka, ama anywe soda huku ninyi mkishiba.

Wala msidhani kwamba chakula cha Kichina kilicho halali kimebuniwa juzi kwa ajili ya wageni. Huko China wako Waislamu wa kabila la Wahui, zaidi ya milioni 10, na mikahawa yao huandikwa qingzhen, yaani "safi na kweli". Mji wa Lanzhou wasifika kwa supu ya ng'ombe yenye tambi zinazovutwa kwa mikono. Yasimuliwa kwamba Mhui mmoja, Ma Baozi, ndiye aliyeanza kuiuza mwaka 1915. Supu yenyewe huwa angavu, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, giligilani mbichi, na tambi za manjano. Ni chakula cha watu wa kawaida, na bakuli moja lashibisha.

Pengine Mkristo ataniuliza, "Je, mimi nakosa nikila nyama iliyochinjwa na Mwislamu?" Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorintho wale nyama ya sokoni bila kuhojihoji. Lakini yeye mwenyewe alikuwa radhi kuiacha nyama kabisa kuliko kumkwaza mwenzake. Basi, ndugu, uhuru wako mezani ni mpana kuliko wa rafiki yako. Mwenye nafasi pana ndiye asogee.

Tusilione jambo hili kuwa dogo. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani achinje ulimwaga damu, na mchungaji mmoja akauawa. Serikali yaweza kutoa amri juu ya machinjio, lakini ujirani haufundishwi kwa amri. Hufundishwa nyumbani, na mezani.

Basi fanyeni hivi. Mmoja wenu aende au apige simu kabla ya siku yenyewe, amwulize mwenye mkahawa mambo matatu: nyama yachinjwa na nani, jikoni mna nguruwe, na je, mvinyo hutiwa katika mchuzi? Msingoje kuuliza mezani mbele ya watu, mkamfanya rafiki yenu aonekane ndiye sababu ya taabu. Apendaye bia aiache siku hiyo, haitamwua. Kisha agizeni kama Wachina wenyewe: watu watano, vyakula vitatu katikati ya meza, na wali wa kutosha, kila mtu achote. Gharama hupungua, na maongezi huzidi.

Nanyi Waislamu mnaosoma gazeti hili kwa jirani zenu, mkumbukeni Mkatoliki siku ya Ijumaa ya Kwaresima, asipokula nyama. Mwagizieni samaki. Kutunzana huko ndiko kunakoitwa urafiki. Kula pamoja tu, hata wasafiri wasiojuana hula pamoja stesheni.

Nawatakia Jumamosi njema. Lakini msichelewe sana kulala, maana Misa ya kwanza ni saa kumi na mbili na nusu.