Redio za upepo za watoto: nani mwingine anasikia?

Shangazi akirudi likizo kutoka Ujerumani na redio mbili za upepo, watoto hawatulii tena. Mmoja jikoni, mwingine nyuma ya banda la kuku, na kila sentensi inaishia "ova". Mchezo mzuri: mmoja akibana kitufe, mwenzake husikiliza, jambo lililowashinda watu wazima wengi kwenye simu.

Ila mzazi asidanganyike na maneno "msimbo wa faragha" kwenye boksi. Msimbo huo huzuia tu sauti za wengine zisimfikie mtoto. Sauti yake yeye haifichwi. Aliye karibu na redio ya aina hiyo anaweza kusikia yote. Kwa hiyo watoto wajipe majina ya kubuni, na wasitaje hewani kwamba mama ametoka au ufunguo umewekwa wapi.

Kilomita za kwenye boksi ni za mahali peupe. Penye kuta nyingi huenda isifike hata moja.

Redio hizo za Ulaya hutumia megahezi 446, za Marekani 462 na 467. Tanzania masafa husimamiwa na TCRA, hivyo waulizwe kabla ya kuziwasha.