Acha Kumpiga Jirani kwa Maombi, Anza Kumwombea

Leo sitawabembeleza. Jambo hili limekaa ndani ya makesha yetu muda mrefu, na tumelipa jina lisilo lake.

Ingia kesha la Ijumaa, iwe Kayole, Dandora, Umoja au Kariobangi. Saa tatu usiku tunaanza kwa sifa. Ikifika saa saba, kipaza sauti kinashikwa na kazi inaanza: kila adui aanguke, kila mshale urudi ulikotoka, kila anayenionea wivu kwenye hii ploti aaibike kabla jua halijatoka. Watu wanakanyaga sakafu, wanapiga ngumi hewani, jasho linawatiririka. Saa kumi na moja tunafunga, tunapanda matatu za kwanza, tunaambiana njiani kwamba usiku huu tumefanya maombezi.

Watu wa Mungu, hayo si maombezi. Mwombezi ni mtu anayesimama mbele za Mungu na kesi ya mwingine. Hebu hesabu maombi ya usiku ule: ni mangapi yalikuwa ya mwingine? Kazi yangu. Ndoa yangu. Nyota yangu. Adui zangu. Na hata jirani alipotajwa, alitajwa kama mshtakiwa. Biblia inamjua mmoja ambaye kazi yake ni kuwashtaki ndugu mbele za Mungu. Ufunuo 12:10 inasema anawashtaki mchana na usiku. Yaani naye anakesha! Kwa hiyo kukosa usingizi peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwombezi. Swali ni ulikesha ukimtetea nani.

Najua mtanijibu: "Pasta, sisi tuko vitani." Sawa. Fungua Waefeso 6:12. Paulo anasema vita vyetu si juu ya damu na nyama. Sasa yule mama wa nyumba namba saba, mwenye damu na nyama, mwenye jiko la makaa na watoto watatu, ameingiaje kwenye orodha yako ya vita? Usiishie hapo. Soma mpaka mstari wa 18. Baada ya chapeo, ngao na upanga, Paulo anamalizia kwa kuagiza tuwaombee watakatifu wote, na mstari wa 19 yeye mwenyewe anaomba aombewe. Silaha zote zile zinavaliwa ili mtu apige magoti kwa ajili ya wenzake. Sisi tumezivaa, tukazigeuzia mlango wa jirani.

Mwingine atasema, "Lakini Daudi aliwalaani adui zake." Ndiyo, Zaburi 35 ina maneno makali. Lakini usiruke mstari wa 13. Daudi anasema hao hao waliomtesa walipougua, yeye alivaa gunia akafunga. Je, yule unayemwita adui alipolazwa, wewe ulifunga siku ngapi? Au ulikuja madhabahuni kutoa ushuhuda kwamba Mungu amejibu?

Msifikiri haya ni maneno tu. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Wanawake wanne, wenye watoto na wajukuu. Umati kama ule hauzaliwi siku moja. Huanza na mtu mmoja kuamini kwamba shida yake ina jina la jirani. Basi ukiamka mbele ya kanisa ukasema umeoneshwa mwanamke mzee, mweusi, anayekaa karibu na bomba la maji, ambaye ndiye amefunga kazi yako, jua unachopanda. Wewe utasema "Amina" na kwenda kulala. Kuna kijana amekusikia, na hatalala.

Ona na mahali tunapokaa. Eastlands hatuna ua wa maua kati yetu. Tunagawana ukuta, tunagawana bomba, tunagawana choo, tunagawana kamba ya nguo. Jengo lilipoporomoka Huruma usiku wa 29 Aprili 2016, ukuta haukuuliza nani ameokoka. Gesi ilipolipuka Mradi, Embakasi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, moto haukuchagua nyumba ya adui ukaacha ya mwenye upako. Na maji ya Mto Mathare yalipobeba mabati ya watu Aprili mwaka huo huo, yalibeba ya wote. Yeremia aliwaandikia waliopelekwa Babeli, kati ya watu waliowateka, kwamba wauombee mji ule, kwa kuwa katika amani ya mji wao nao wangepata amani (Yeremia 29:7). Ukiomba ploti iungue, mpendwa, wewe unalala wapi?

Sasa, mtu anakuaje katika maombezi? Hakui kwa kuongeza sauti, wala kwa kuongeza siku za kufunga. Anakua kwa kumbeba mtu.

Anza na kumjua. Huwezi kubeba kesi usiyoijua. Epafra alijitaabisha katika maombi kwa ajili ya Wakolosai (Wakolosai 4:12), na walikuwa watu wake, wa mji wake. Wewe jirani yako unamwita "huyo wa juu" mwaka wa tatu sasa. Mpigie hodi. Umsalimie. Ujue kama mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo, kama kazi ya mjengo imekatika, kama anadaiwa kodi ya miezi miwili. Hapo utakuwa na kitu cha kumwambia Mungu.

Kisha dumu. Ibrahimu aliiombea Sodoma, mji mbaya kuliko ploti yako, akianzia watu 50 akashuka mpaka 10. Nehemia alisikia habari za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, akalia na kufunga, na ni mwezi wa Nisani ndipo alipozungumza na mfalme. Ni kama miezi minne. Sisi tukimtaja mtu mara mbili tunamtangaza kuwa mgumu. Na Nehemia alipoinuka kwenye magoti aliomba mfalme barua na mbao. Mwombezi wa kweli ana miguu. Aliyeombea nyumba isiyo na unga na anao unga, apande ngazi apeleke.

Kisha funga mdomo. "Tumwombee dada fulani, mnajua mumewe amerudia pombe..." Huo ni umbea uliofumba macho. Kesi ya mtu aliyokuambia chumbani, ipeleke chumbani.

Na ujue kwamba tukilala, soko linaamka. Watu wetu wanatuma pesa kwa simu, elfu moja, elfu tano, ili mtu wasiyemjua, mahali wasipopajua, awaombee. Tunawalaumu wanaouza. Lakini yule mama angemtumia nani kama angekuwa na jirani mmoja tu anayejua jina la mtoto wake na kulitaja mbele za Mungu kila asubuhi bure?

Mtu ataniambia, "Pasta, wewe hujui alichonitendea." Kweli, sijui, na sisemi ni kidogo. Kama amekupiga au amekuibia, nenda ukaripoti. Kumwombea mtu si kumficha. Lakini angalia mfano wa jirani zetu Uganda. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, akakimbilia Rwanda na mkewe kuokoa maisha yao. Mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake linasema kwamba anampenda Idi Amin. Hakuwa amesahau damu ya rafiki yake, wala hakusema Amin hana hatia. Alikataa tu chuki imtawale. Kivengere alikuwa mtoto wa uamsho ule wa miaka ya 1930 uliotoka Rwanda na Uganda ukafika kwetu Kenya, uamsho wa wale wazee waliotangulia kusalimiana kwa "Bwana asifiwe". Tumerithi salamu yao. Magoti yao tumeyaacha wapi?

Ayubu naye, Mungu aligeuza hali yake alipowaombea rafiki zake, wale wale waliomkalia sura nzima nzima wakimhukumu (Ayubu 42:10).

Kwa hiyo leo usiniandikie "Amina" hapa chini. Chukua kipande cha karatasi, andika jina la yule jirani ambaye umekuwa ukimrudishia mishale. Kwa siku saba, kabla hujajiombea wewe, mwombee yeye mema: afya yake, watoto wake, mkate wake, wokovu wake. Kisha Ijumaa uje kesha. Nitauliza swali moja tu: anaitwa nani, na mtoto wake mdogo anasoma darasa la ngapi?

Mbarikiwe. Mchungaji wenu.